Mfuniko wa Bibi Harusi

3 Februari

Chiriku, mpwa wangu,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini. Anayekuandikia si yule mjomba uliyemwacha hapa. Huyu wa sasa, ghala likiamka bila yeye, mji mzima haujengwi. Jumatatu nilichelewa kidogo kwa ajili ya hili goti, nikakuta malori yamepanga foleni mpaka kwa kinyozi, Meneja amesimama barabarani tai mkononi, ananiambia, "Mkuu, tulidhani umetutupa." Mainjinia wawili walikuwa wanakaribia kulia. Nikatoa ufunguo mfukoni, nikafungua, shughuli za nchi zikaendelea.

Hamjambo huko? Mumeo naye, Fundi, bado anapigwa na umeme au siku hizi wamepatana? Na mtoto jino limetoka? Huku sote wazima. Nasema sote, ingawa nyumbani niko peke yangu, lakini mtu wa hadhi yangu hahesabiwi mmoja.

Sasa nije kwenye shabaha. Habari za nyumba mpya zimenifikia. Nimesikia una jiko lako mwenyewe, si lile la kupokezana na wapangaji wenzio, na kwamba ng'ambo ya barabara kuna karakana ya kushona nguo inayotafuta mtu wa kuwapikia mafundi chakula cha mchana. Niliposikia hivyo nilisimama palepale. Nikasema: huyo mtu ni Chiriku, na jiko hilo halitafunguliwa kwa vyombo vya kuokoteza.

Kwa hiyo nimeamua, na nikishaamua unanijua. Jiko lote la marehemu mama yako linakuja kwako. Lote. Nimefunga mwenyewe kwa mikono yangu, sikumruhusu mtu kunisaidia, maana watu hawajui kufunga. Maboksi yanaletwa na Dereva, yule rafiki yangu wa lori, mwenye kicheko cha kutisha watoto. Dada yangu alipika kwa vyombo vile maisha yake yote, havitakaa huku kula vumbi na mimi.

Usitupe kitu. Narudia, hata kijiti.

Mimi usinihofie. Vyombo ninavyo vya kutosha, vingine sijavifungua. Na chakula ndiyo usiseme, mtaa huu wanagombania kunilisha hadi naona aibu.

Ni mimi, mjomba wako, ambaye ufunguo wa ghala unamjua.

26 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika siku moja na maboksi, Dereva akiwa amekalia moja kama kiti cha enzi. Sisi wazima. Jino limetoka, sasa mtoto anauma kila kitu pamoja na baba yake. Fundi anakusalimu, anasema umeme na yeye wamepatana, ila ngazi ndiyo inamfanyia vituko. Goti lako je? Mama alikuwa analikanda kwa maji ya moto. Siku hizi unalikanda na nani?

Asante kwa vyombo. Niliposhika birika lake la chai ilibidi nitoke nje kidogo.

Lakini Mjomba, hukuniuliza jiko langu lina ukubwa gani. Nikisimama katikati nikanyoosha mikono, kulia nagusa sinki na kushoto nagusa ukuta. Maboksi yako yalipoingia, sisi tulitoka. Fundi anapita ubavuubavu kama kaa, mtoto anafurahi, anadhani ni mchezo. Nimekuta chujio tatu, mbili zimetoboka. Nimekuta visu ambavyo havikati hata mkate laini. Makopo matupu sijui mangapi. Vikombe visivyo na mikono, na ile mikono yenyewe, umeifungia kwenye gazeti!

Na muda hautoshi. Msimamizi wa karakana ni mama mmoja mrefu, futi ya kupimia nguo haitoki shingoni mwake. Nimeonana naye. Hana maneno mengi. Amesema atakuja kukagua jiko tarehe 30 Machi, na anataka kuona sakafu, kuona meza ya kukatia, na kuona kila chombo mkono unapokifikia bila kutafuta. Akiridhika, nawapikia mafundi wote, watu arobaini, kuanzia mwezi wa nne. Asiporidhika, kuna mama mwingine mtaa wa pili ambaye ameshapaka rangi jiko lake. Mjomba, nyumba hii tumeichukua kwa sababu ya kazi hii. Naitaka. Sitaikosa kwa sababu ya makopo.

Na jambo moja. Unakumbuka Mama alivyokuwa anazipa sufuria zake majina ya watu: ile nyembamba ya Shangazi anayejidai, na kile kisufuria kinachofurika kabla maji hayajapata moto, alichokiita Mjomba. (Ninacho, nakitunza vizuri, kinafurika vilevile.) Sasa, ile kubwa kuliko zote, Bibi Harusi, ambayo peke yake inatosha kupikia watu arobaini, imefika. Lakini amefika bila shela lake. Mfuniko haumo. Nimepekua maboksi yote. Msimamizi amesema wazi: "Chakula kisichofunikwa hakivuki barabara kuja kwangu." Na barabara yenyewe ni ya vumbi na malori.

Umeuweka boksi gani?

Mpwa wako anayepika akiwa amekaa mlangoni.

12 Machi

Chiriku,

Marahaba, marahaba sana. Goti linaendelea vizuri, daktari aliliangalia akaita madaktari wengine waje waone goti la mwanamume. Kinyozi anakusalimu. Jumapili alikuja kwangu tukala pamoja sahani moja kama ndugu. Ilikuwa raha tupu, isipokuwa hii meza yangu imeanza uhuni, ukigusa chakula kidogo tu kinazunguka kinaenda upande wa mwenzako. Kinyozi alikula nyama zote.

Umenieleza habari za jiko dogo. Umekuja kwa mwenyewe. Nilipoingia ghala hili lilikuwa takataka tupu: misumari imelala na rangi, mabomba yamelalia saruji, siku moja mzee mmoja aliingia kutafuta bawaba akatoka upande wa pili baada ya wiki, ndevu zimeota. Meneja akaniita ofisini. "Mkuu, nchi inakutegemea." Nikavua shati. Nilipomaliza, mtu aliyefungwa kitambaa machoni aliingia akatoka na bawaba yake, na chenji.

Kanuni zangu hizi hapa, sijawahi kumpa mtu. Kinachotoka kila siku kikae karibu na mlango, usawa wa kiuno. Kizito kikae chini. Kinachotoka mara moja kwa mwaka kiende juu kabisa kwenye buibui. Kisichotoka kabisa, kitolewe. Na ya mwisho ndiyo kubwa: kila kitu kikae na mwenzake. Bolti isiyo na nati haiingii ghalani kwangu, hata aje nayo waziri.

Ukutani piga ubao wa kulabu, tundika sufuria kwa ukubwa wake. Ukuta haulipi kodi, utumie. Nyuma ya mlango pia pana nafasi, watu hawaoni nyuma ya mlango kwa sababu ya elimu nyingi.

Makopo usitupe. Dada alikuwa na sababu yake, na kama hakuwa nayo, basi nimempa mimi.

Hayo mengine uliyouliza tutayazungumza, karatasi imekaribia kuisha.

Mjomba wako, bingwa wa rafu.

19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama. Mtoto alikuwa na homa kidogo, imepita. Karatasi yako haikuwa imekaribia kuisha, nimeigeuza, upande wa pili ni mweupe kabisa.

Nimefuata kanuni zako, na zimefanya kazi, nakupa haki yako. Fundi amepiga ubao ukutani, sufuria zinaning'inia kutoka Shangazi mpaka Mjomba. Miiko na pawa nyuma ya mlango. Mchele na maharage chini, kwenye ndoo zenye mifuniko. Chumvi, mafuta na kibao cha kukatia viko usawa wa kiuno. Sasa naweza kugeuka bila kumwomba mtu radhi.

Ila umesema kisichotoka kabisa kitolewe. Ni maneno yako. Kwa hiyo nimetoa. Chujio zilizotoboka, zimekwenda. Visu butu, vimekwenda. Makopo nimebakiza mawili, mengine yamekwenda, na unikasirikie ukipenda. Sahani ya bluu yenye ufa nimeiweka mlangoni ili niitupe, Fundi akaiwahi, anawekea misumari.

Kitu kimoja kilinishinda. Ule mwiko wa Mama. Umelika upande mmoja, kwa sababu alikoroga kwa mkono wa kushoto, na mimi nikiutumia kwa mkono wa kulia unaparaza sufuria vibaya. Nikauweka kwenye vya kutupa. Nikautoa. Nikaurudisha. Fundi akaniuliza, "Huo mwiko unaenda ama hauendi?" Nikamwambia anyamaze. Mwishowe nimeutundikia kulabu yake peke yake, juu ya jiko. Huo hautoki, na kanuni yako inisamehe.

Sasa nijibu, Mjomba. Bolti isiyo na nati haiingii ghalani kwako. Bibi Harusi amekaa kwangu kichwa wazi. Nimejaribu mifuniko yote, inadumbukia ndani. Nimejaribu sinia na jiwe juu yake. Fundi amekata ubao wa mbao, unanuka gundi. Imebaki wiki moja na ushei. Usinipigie hadithi ya daktari. Niandikie mstari mmoja tu: shela liko wapi?

Chiriku.

27 Machi

Mpwa wangu mkali,

Marahaba. Kwanza pole kwa homa ya mtoto. Pili, kwa makopo nimekusamehe, ingawa sikulala vizuri. Tatu, huku ofisi imenielemea mno, kuna daraja linajengwa na hawawezi kuanza bila mimi kuwahesabia bolti.

Kuhusu shela, mbona unanikimbiza kama polisi? Liko kwa mhunzi. Nililiona lina kibonyeo, nikasema halitakwenda kwa mpwa wangu na kibonyeo. Si mhunzi wa hivihivi, foleni yake ina watu wa kutoka nje ya nchi. Linanyooshwa taratibu, chuma kizuri hakiharakishwi. Likiwa tayari litakuja.

Kuhusu ule mwiko umefanya vyema. Dada alinipiga nao mara nyingi. Mkono wa kushoto ule, hujui utokako.

Mjomba wako, mwenye haraka za kitaifa.

8 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya mhunzi imefika baada ya ukaguzi, kwa hiyo nilimkabili Msimamizi bila hata hiyo hadithi.

Alikuja asubuhi kama alivyosema. Hakukaa, hakunywa maji. Alisimama katikati ya jiko akanyoosha mikono yake mirefu, akazunguka taratibu mzunguko mzima. Hakugusa kitu.

Akasema, "Upawa."

Nikanyoosha mkono nyuma ya mlango, nikampa.

"Chumvi."

Nikampa bila kuangalia.

"Nani kakufundisha kupanga hivi?"

"Mjomba wangu. Anakaa ghalani."

"Anauza nini?"

"Maneno, mama. Lakini kupanga anajua."

Nilimwona akitaka kucheka, akaghairi. Kisha akainua macho kwenye mwiko wa Mama. "Na huu? Umelika."

Nikamwambia, "Huo ni wa mama yangu. Hautumiki, na hautoki."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Akaniangalia. Akaitikia kwa kichwa, akasema tu, "Haya."

Nikadhani nimepita. Ndipo akamfikia Bibi Harusi, na ule ubao wa Fundi juu yake. Akaunusa.

"Hiki nini?"

"Mfuniko, mama."

"Hiki ni kipande cha kabati."

Sasa ameamua hivi. Kuanzia wiki iliyopita nawapikia mafundi kumi tu, kwa sufuria ndogo zilizo na mifuniko yake. Hao thelathini wengine wanangoja. Mwisho wa mwezi huu, Bibi Harusi akivuka barabara amefunikwa sawasawa, kazi yote ni yangu. La sivyo inakwenda kwa yule mama wa mtaa wa pili. Nimezunguka maduka yote ya hapa, mfuniko wa kipimo kile hawatengenezi tena.

Jana Dereva alipita. Nikamuuliza habari za mhunzi. Mjomba, yule mtu alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya lori. "Mhunzi gani?" Halafu akaacha kucheka ghafla, akasema, "Muulize mwenyewe. Mimi nilikula naye pale, siwezi kumsema." Nikambana. Akakataa kabisa, akapanda lori lake.

Sijui kuna nini, lakini sirudi nyuma. Hii kazi nimeifikia mlangoni, nitaingia. Nataka mfuniko wa mama yangu. Ukiwa umeuza, sema. Ukiwa umempa mtu, sema ni nani, nitamfuata kwa miguu. Sitacheka. Yaani, nitacheka, lakini nitafunga mlango kwanza.

Wako,
Chiriku.

Dereva anarudi huko wiki ijayo, nitampa hii barua akupe mkononi, ili usiseme imechelewa.

21 Aprili

Chiriku,

Marahaba mwanangu. Nimefurahi sana kwa huyo Msimamizi. Ungemwambia nilipanga pia bandari mbili, angekupa kazi yote palepale. Basi, tuache bandari.

Dereva amekaa hapa sebuleni ananiangalia nikiandika, amekataa kuondoka bila mzigo. Shela la Bibi Harusi ndilo hilo anakuletea, limefungwa kwenye gwanda langu la zamani. Nimelisugua kwa mchanga mpaka mkono umeingia ganzi. Kibonyeo bado kipo, na hakikupelekwa kwa mhunzi. Hakuna mhunzi. Yaani mhunzi yupo, lakini hatujuani.

Siku ile nilipofunga vyombo nilikuwa nimekaza moyo. Niliogopa nikiacha kimoja nitaacha na cha pili, halafu jiko lote litabaki hapa nikilitazama. Kwa hiyo nilifunga tu, kila nilichoona nilitia boksini. Sufuria, vijiko, mikono ya vikombe. Lori likaondoka, nikalipungia kama rais.

Jioni nikanunua maharage kwa mama wa kona, akaniwekea kwenye mfuko. Nikafika nyumbani nikafungua kabati. Chiriku, kabati lilikuwa safi kama sufuri. Nikaangalia huku na huku. Kilichobaki kilikuwa hicho kimoja, nilikuwa nimekianika dirishani kikauke, kikasahaulika.

Dukani nimekwenda. Sahani zinauzwa sita sita. Nikamwambia muuzaji nataka moja. Akaniuliza, "Mzee, kwani nyumbani mko wangapi?" Nikamwambia nitarudi. Nikarudi siku nyingine, akaniuliza vilevile. Kile ulichosema kuhusu goti, nani analikanda, nilikisoma, nikakiruka. Na hiki pia nilitaka kukiruka.

Meneja anajua nina seti nzima ya sahani za udongo kutoka ng'ambo. Nilimwambia mwenyewe. Tafadhali lisifike kwake.

Ukimfunika Bibi Harusi ukaona mikwaruzo upande wa ndani, usiogope, chuma ni kizima. Vuka naye barabara, kichwa juu, wale thelathini wale washibe. Halafu mwambie Fundi amwage misumari yake. Ile sahani yenye ufa, kama bado ipo, mpe Dereva aniletee. Meza yangu haijawahi kufanya uhuni hata siku moja. Tangu mwezi wa pili nakula kwenye mfuniko, mpwa wangu, umegeuzwa juu chini, na kile kishikio kikiwa chini unazunguka, na kila nikitaka kuchota maharage lazima niupakate, niubane kwa magoti.